Gari Limeitwa Kwao

Kila nikiwasha gari asubuhi, hapa Shela ya Malindi,
mwanamke wa Kijapani husema neno
kutoka ndani ya dashibodi,
kwa sauti ya mtu aliye na mgonjwa amelala chumba cha pili.
Mama humjibu: "Marahaba, mwanangu."
Mwaka wa tatu huu wanaamkiana,
na hakuna aliyemuuliza mwenziwe ana shida gani.

Nililinunua kwa mkono wa pili, labda wa tatu.
Lilishuka Mombasa na harufu ya kwao,
na stika kiooni, maandishi kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Sikuibandua. Niliona fahari.

Kumbe ilikuwako barua.
Ilikwenda kwa mwenyewe wa kwanza,
ikabisha hodi nyumba aliyokwisha kuhama:
mfuko wa hewa uliomo usukanini, na wa abiria pia,
una baruti isiyopenda joto wala unyevu.
Ikikaa miaka huoza, na siku ya kuokoa
hupasua kikopo chake cha chuma
ikakurushia vipande shingoni.
Barua haikupanda meli.
Gari lilipanda.

Joto na unyevu!
Nasi huku chumvi yalia machozi kikoponi,
bawaba zala kutu rangi haijakauka.

Fundi Chengo wa Maweni ndiye aliyenishtua.
Alimwona kijana wa Gede wodini:
ajali ya taa moja kuvunjika,
shingo nyuzi kumi na moja.
"Fungua boneti," akasema. "Futa vumbi hapo. Soma."
Namba ya chasisi.
Miaka yote nikidhani ile ni ya polisi na wezi,
kumbe ndilo jina la gari,
na wanaolitafuta huliita kwa jina hilo.

Nikapiga simu Mombasa, kwa wakala.
Binti akaisikiliza herufi kwa herufi, akanyamaza, akarudi.
"Limo kwenye orodha. Lilete. Hulipi kitu."
Nikaguna: cha bure hiki kina mwiba gani?
"Aliyekosea ndiye alipaye," akasema.
"Hujaomba fadhila."

Jirani yangu Lali akacheka.
"Mwambie Chengo akate waya, yaishe."
Chengo akapangusa mikono, kidole baada ya kidole.
"Breki nafunga. Klachi nafunga.
Baruti, ndugu yangu, siifungui."
"Mbona langu halijanisumbua?" akauliza Lali.
"Hilo halisumbui. Hubisha hodi mara moja."

Siku kumi za kungojea zamu nilimketisha Mama nyuma,
na mwendo wetu wa kliniki, kila Alhamisi, ukawa mrefu.
"Nimekuwa gunia la nazi?"
Sikumwambia habari ya vipande.
Nilimwambia tu: gari limeitwa kwao.
Akafikiri mpaka tukapita soko.
"Usikatae wito, kataa neno," akasema. "Lipeleke."

Walilishika saa mbili na nusu.
Wakanipa karatasi yenye muhuri, nimeikunja ndani ya logibuku:
atakayelinunua kwangu asianze gizani kama nilivyoanza mimi.
Nikamuuliza yule binti, yule mwanamke husema nini?
"Husema hakuna kadi. Ya kulipia barabara, huko kwao."
Basi. Hakuwa akituonya.

Mama amerudi mbele, mkoba mapajani.
Nikawasha. Mwanamke akasema neno lake.
"Marahaba," akajibu Mama. "Na barua zenu,
siku nyingine zileteni huku."

Boneti ya Lali ingali imefungwa.
Nimemwachia namba ya simu mara mbili,
ya pili nikaiandika nyuma ya risiti ya mkate.
Jioni hii gari lake limeegeshwa ukutani, vioo chini,
na wanawe wawili wamekaa mbele,
mmoja ameshika usukani, mmoja amepakata mwanasesere,
wanakwenda Mombasa.